Ukili wa Jina la Raudha

Binti yangu anaitwa Raudha. Ilinichukua mvua zote za masika na sehemu kubwa ya kusi kuweza kuitamka sentensi hiyo fupi bila kusaidiwa. Naiweka hapa mwanzoni kwa ajili yako wewe ambaye huenda umekaa kando ya mgonjwa asiyekumbuka jina lako. Ujue tangu sasa kwamba sentensi yenyewe ilipatikana.

Niliugua homa ya ubongo wakati wa joto la kaskazi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mke wangu Mwanaisha alikuwa na mimba iliyokwisha komaa. Nilikuwa kijana mwenye riwaya moja iliyochapishwa na majivuno ya riwaya kumi. Jumamosi tulikuwa tukikutana Changamwe, wapenzi wachache wa fasihi, tukisomeana kazi zetu na kubishana mpaka chai inapoa vikombeni. Jumamosi moja nilikuwa nasoma sura mpya, na herufi zikaanza kuteleza kwenye karatasi kama sisimizi waliomwagiwa maji. Nakumbuka nikimwambia Musyoka, rafiki yangu aliyekaa karibu, kwamba taa ni kali mno. Ilikuwa mchana, wala taa haikuwashwa.

Baada ya hapo sina kitu. Wenzangu wananiambia nilipatwa na degedege, nikakimbizwa kwa gari hadi hospitali kubwa upande wa kisiwani, nikachomwa sindano ya mgongo, nikatiwa dripu, nikalala siku nyingi nikiongea maneno yasiyo na mpangilio. Nikiwa katika hali hiyo, Mwanaisha alijifungua nyumbani kwa mama yake Likoni. Mjomba wake ndiye aliyemwadhinia mtoto sikioni kwa niaba yangu. Siku ya saba akapewa jina. Mwanaisha alilichagua peke yake, kwa sababu mimi hata jina la mji tuliokuwamo nilikuwa nalitafuta.

Niliporuhusiwa kutoka, mifupa ya mashavu ilikuwa imechomoza, nywele zikibaki kwenye mto kila nilipoinua kichwa. Vidonge vya kuzuia kifafa vilinivimbisha fizi hata tabasamu langu likawa la mtu mwingine, na vidole vya mkono wa kushoto vilitetemeka. Hayo yote niliyaona kwenye kioo nikayazoea. Lililonitisha halikuonekana kwenye kioo.

Mambo ya zamani yalikuwapo yote. Ningeweza kukutajia kila mlango wa uchochoro wetu wa Mtopanga nilikokulia, na nani alikaa wapi, na mbuzi wa nani alikula kofia ya maalimu. Adhana niliijua neno kwa neno. Lakini kitu kipya hakikukaa. Nilikunywa chai, nikauliza kama chai iko tayari. Nilisoma ukurasa, na nilipofika chini juu yake pamefutika.

Na mtoto alikuwa kitu kipya.

Nililetwa ukweni, maana Mwanaisha alikuwa bado kwenye arobaini yake na hakukuwa na mtu mwingine wa kututunza wote. Anayejua mila zetu ataelewa uzito wa jambo hilo. Mkwe ni mtu wa kumheshimu kwa mbali. Unamwamkia ukiwa umeinamisha macho, hukai naye mkeka mmoja, wala huli mbele yake ukitafuna kwa raha. Mimi niliingia kwa Bi Tima, mama yake Mwanaisha, nikiwa nimeshikwa kwapa, kanzu ikinipwaya, nikauliza mbele za watu, "Hapa ni kwa nani?"

"Kwako, mwanangu," akasema Bi Tima. "Pita ndani."

Kila asubuhi Mwanaisha aliniletea mtoto, nami kila asubuhi nilimpokea kwa adabu, kama mtu aliyeombwa kushika mzigo wa jirani. "Mtoto mzuri. Wa nani huyu?"

Alivumilia. Kisha siku moja mvua ikinyesha alikaa kitandani ghafla, akiwa na nepi mbichi mikononi. "Jana ulimbeba mpaka akalala kifuani mwako," akasema. "Ulimwimbia. Ulilia, ukasema ana pua ya mama yako. Leo wauliza ni wa nani. Mimi hiyo jana nikaiweke wapi, nikiwa naikumbuka peke yangu?"

Naambiwa baada ya dakika chache nilimuuliza kwa nini macho yake ni mekundu.

Mtaa ulipopata habari, mtaa ukaamua kunitibu. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo dawa ilikuwa tayari midomoni mwa kila mtu. Mwenye duka aliita kutoka ng'ambo ya njia, "Baba Raudha, habari za asubuhi!" Muuza mbaazi akasimama makusudi, "Baba Raudha, nikupimie?" Mwanaisha akiniamsha, Baba Raudha. Nikienda msalani, polepole Baba Raudha kuna utelezi. Akija mgeni na mimi nikamkodolea macho, Bi Tima alikuwa mwepesi kunisitiri. "Huyu ni fulani, mwanangu, si wamjua?" Nami nikasema namjua, sote tukapumua. Hakuna aliyeniacha nitafute. Kumwacha mgonjwa akigugumia mbele za watu ni kumwaibisha, na watu wale walinipenda.

Ikaja siku ya kliniki. Kama nawe umeanza kukaa kwenye mabenchi hayo, nakuambia kwamba huruma nyingi za dunia hii zimo humo. Siku ile alikaa karibu nami mzee mmoja aliyekuja na chupa ya chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza natoka wapi. Baada ya kitambo nikageuka nikamwona kwa mara ya kwanza, nikamwamkia. Akaitika marahaba, akaniuliza natoka wapi. Mwanaisha anasema tuliendelea hivyo asubuhi nzima, na kila mara yule mzee aliitika kwa uchangamfu uleule. Mwanaisha alipotaka kumwomba radhi, akamkatiza. "Binti, mimi nyumbani siamkiwi hata mara moja. Mwache."

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, aliyerejea karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Aliangalia macho yangu, akagonga magoti, kisha akamwelekea mtoto aliyekuwa mapajani mwa mama yake.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Mimi ni Baba Raudha," nikasema, nikifurahi kuwa na jibu.

"Sikuuliza wewe waitwa nani. Huyu mtoto."

Nikamtazama. Alikuwa ananyonya ngumi. Nikajisikia kama mtu aliyeulizwa jina la abiria asiyemjua. "Rukia?" nikabahatisha.

Mwanaisha akafungua mdomo. Daktari akainua kidole, na mke wangu akaufunga tena. Ndipo tukaona tulichokuwa tumekifanya. Kwangu mimi Baba Raudha lilikuwa limegandamana likawa jina langu mimi, na mtoto alikuwa amebaki hana jina.

"Mnamlisha kila kitu kikiwa kimetafunwa," daktari akasema, wala hakusema kwa ukali. Kisha akatueleza jambo ambalo Mwanaisha alinisimulia tena mara nyingi hata mwishowe likakaa. Ubongo, alisema, hujitengenezea wenyewe vitu vya kuukuza. Chembe zake zikifanyishwa kazi ya kujifunza, hutoa kitu ambacho ni kama lishe, na kwa lishe hiyo huchipua vitawi vidogo na kushikana upya na jirani zake. Kumbukumbu hukaa kwenye kushikana huko. "Wataalamu ndio kwanza wanavichunguza, na wengi wanavichunguza kwa wanyama. Sina chupa yake wala sindano yake. Siwezi kukuapia kwamba palipoungua patachipua. Lakini ubongo ukikaa bure hautoi kitu. Mpeni kazi. Atembee, alale vizuri, ajifunze jambo ambalo hajawahi kulijua, na liwe la mikono. Jina mwambieni mara moja, kisha mkae kimya, mumuulize baada ya muda mfupi. Akiliweza, muda urefushwe. Na tafadhali, hilo la Baba Raudha liacheni."

Tulirudi kwa feri. Tulipofika nyumbani mama yake akamuuliza daktari kasemaje.

"Asema kichwani mna mbolea, mama. Lakini haitoki mpaka palimwe."

"Basi palimwe," akasema Bi Tima. "Tatizo nini?"

Tatizo lilikuwa mtaa. Kumwita mwanamume mwenye mtoto kwa jina lake tupu ni kama kumvua nguo. Jirani yetu Bi Rehema alikuja mbio siku ya pili. "Nasikia mwamwita Swaleh, Swaleh, kama mtoto wa madrasa. Mmemvua ubaba? Kawakosea nini?"

"Tumeuweka kabatini," Bi Tima akamjibu. "Akipona atapewa."

Mwanaisha ndiye aliyepata taabu zaidi, maana hakuwahi kunitaja jina langu tangu tuoane. Akawa ananiita kwa kikohozi. Akikohoa mara moja, chakula kiko tayari, na akikohoa zaidi, mtoto analia. Siku aliyopata mafua kwelikweli nyumba nzima iliparaganyika, tukacheka mpaka Bi Tima akashika mbavu. Nilisahau kesho yake, lakini nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba kicheko kile sasa ni changu pia.

Ikabaki kazi ya mikono. Bi Tima alikuwa msusi wa mikeka. Uani kwake palianikwa ukindu, yaani majani ya mkindu, mengine meupe, mengine yaliyotiwa rangi ya zambarau na kijani. Aliyachana yakawa chane nyembamba, akazisuka kuwa ukili, ule utepe mrefu ambao hatimaye hushonwa kuzunguka na kuzunguka mpaka mkeka unakamilika. Ni kazi ya wanawake, na kwa mkwe mume kukaa goti kwa goti na mama mkwe wake akishikwa vidole, sijui niseme nini. Nilijua ni aibu, kwa sababu aibu ilikuwa miongoni mwa mambo ya zamani.

"Mama, si vizuri," nikasema.

"Vizuri ni mjukuu wangu kuwa na baba," akasema. "Keti."

Hakutumia saa. Alitumia ukili wenyewe. Asubuhi alinitajia jina mara moja tu, "Raudha," kisha tukasuka. Ukili ukifika urefu wa shubiri, aliuliza bila kuinua uso, "Mjukuu wangu nani?" Nisipoweza, alinitajia, tukaanza upya. Siku za mwanzo jina halikufika hata shubiri. Lilianguka njiani mahali fulani kati ya chane na chane, nami sikujua hata kwamba nilikuwa nimelibeba.

Masika yakaendelea kunyesha. Asubuhi, mvua ikipumzika, Mwanaisha alinitembeza mpaka kivukoni na kunirudisha. Kisha vidonge, kisha ukindu. Usiku nililala mapema kama mtoto mwenyewe.

Musyoka alikuja kunitembelea kutoka Changamwe, ambako alifanya kazi kiwandani na kuandika mashairi usiku. Mwenyeji wa bara, ulimi wake haukuwahi kujifunza kusitiri mtu. Akanikuta nimekunja miguu juu ya jamvi.

"Sasa msee! Umeacha riwaya umeingia mikeka?"

"Asojua hadithi na asuke," Bi Tima akamrushia chane. "Na wewe keti, tukuone."

Musyoka akajaribu. Alichokisuka kilifanana na kiota cha kunguru. Bi Tima akakiinua juu mbele ya wajukuu wa jirani, "Tazameni shairi la Musyoka!" Musyoka akacheka kuliko wote. Lakini alipokuwa akiondoka alimuuliza Mwanaisha pembeni kama nitaandika tena. Mwanaisha ananiambia alimjibu, "Mimi namtaka kwanza amjue mwanawe. Hayo mengine mtagawana."

Wakati wa kuingia kwa kusi, mvua zikipungua na hewa ikipoa, lilitokea jambo ambalo ningependa kila mwenye mgonjwa alijue. Asubuhi moja Bi Tima alinipa chane. Nikamwambia kwa heshima zangu zote, "Mama, mimi sijui kusuka. Nitakuharibia."

"Hujui?"

"Wallahi sijawahi kushika."

"Haya. Shika tu, unishikie."

Nikashika. Vidole vikaondoka. Juu, chini, kunja, vuta, ongeza chane pale inapokwisha, na hata ule mkono wa kushoto uliotetemeka ulikuwa umeshika zamu yake kama mfanyakazi wa muda mrefu. Nikautazama ukili ukitoka mikononi mwangu, mnyoofu, umekazwa vizuri, nami nikiapa kwa dhati kwamba sijui. Bi Tima akaacha kazi yake akanitazama.

"Asojua ndiye huyo?" akasema taratibu. "Basi sijui anojua yukoje."

Nililia, na safari hii sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimeelewa kwamba ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akija darasani kila siku huku mimi nikidhani darasa halijaanza. Hakuwa ameniaga wala kunipa taarifa. Alikuwa anasoma tu, gizani, akichipua. Kama mikono imeweza kuweka, nikawaza, basi pengine ninapo mahali pengine pa kuweka.

Tangu hapo jina likaanza kurefuka. Lilifika shubiri. Likaanguka wiki nzima, kisha likafika shubiri tena. Likafika dhiraa. Siku lilipofika pima nzima, yaani mikono yote miwili ya Bi Tima ikiwa imenyooshwa, alibaki amesimama vile mikono wazi, ukili ukining'inia baina ya viganja vyake, kama mtu anayetaka kukumbatia ua zima. "Raudha," nikarudia, nikihofia nisije nikalidondosha. Tukasema litapita mchana. Likapita mchana. Tatizo likawa usiku. Kila nilipolala nalo niliamka bila yake, na Bi Tima hakuwa na kipimo cha ukili wa usingizini.

Walio katika hali hii nawaambia machache niliyobaki nayo. Msimjibie mgonjwa wenu. Mpeni nafasi ya kutafuta, hata kama kimya chenyewe kinawachoma. Msihesabu anayoyasahau, maana hayo hayaishi. Chekeni naye. Na ninyi wenye kuuguza, mlio kama Mwanaisha wangu, tafuteni mtu wa kukumbuka pamoja nanyi zile jana ambazo mgonjwa amezipoteza. Mwanaisha alimsimulia Bi Rehema, na Bi Rehema alizitunza zote. Wapo ambao hawarudi nilikorudi mimi. Nimekaa nao kwenye mabenchi. Nao pia huitika wanapoamkiwa kwa furaha.

Mimi hadi leo napoteza vitu. Riwaya yangu ya pili niliiandika kwa kurudi nyuma kila siku kusoma ya jana, kama msusi anayeshika mwisho wa ukili kabla ya kuongeza chane. Sioni kwamba ni riwaya mbaya kwa sababu hiyo. Pengine imekazwa zaidi.

Lakini asubuhi ninayoitaka ni ile ya mwisho wa kusi. Nilikuwa nimeamka nikaenda uani kunawa uso. Jua lilikuwa changa. Hakuna aliyekuwa amenisemesha bado. Mwanaisha alikuwa anafua, Bi Tima yuko jikoni na moshi wake. Mtoto, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kutambaa, alikuwa ameufikia ukili wetu wote, ule wa msimu mzima, uliokuwa umekunjwa kama gurudumu tayari kushonwa mkeka wake wa kulalia. Alikuwa ameshika ncha yake, ameitia kinywani, na gurudumu linafumuka nyuma yake.

"Raudha!" nikasema. "Wacha ukili wa bibi yako."

Mwanaisha akaacha kusugua. Maji yakawa yanadondoka kwenye nguo aliyoishika. Mimi mwenyewe sikujua nilichosema mpaka nilipousikia ukimya. Mtoto akaniangalia, ncha ya ukili ikimtoka mdomoni, akangoja, kama watoto wanavyongoja wakiitwa na hawajajua kuitika.

Na huku kwetu mtoto asiyejua kuitika huitikiwa. Kutoka jikoni, nyuma ya moshi, ikaja sauti nyembamba, ya kubana, sauti ya mwanamke mtu mzima anayejifanya mchanga.

"Abee, baba!"

Hatukusogea. Nikasikia mwiko ukiwekwa juu ya sufuria, kisha pua ikivutwa, kisha Bi Tima akaita kwa sauti yake mwenyewe, kubwa, ya kusikika mpaka kwa Bi Rehema na mpaka dukani ng'ambo ya njia.

"Baba Raudha! Chai yapoa!"